Ukurasa wa Hitilafu Namba Saba

4 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba hata kabla hujaniamkia, maana nakujua: utanipa shikamoo tano ili upate muda wa kukwepa swali. Leo jibu kwanza, salamu baadaye.

Siku ile tunakupongeza kwa kazi mpya ulitueleza kwamba kampuni yenu haitengenezi mashine wala programu. Inatunza tu maelezo ya programu za watu wengine huko mtandaoni: kitufe hiki kinafanya nini, namba ile maana yake nini. Baba yako akasema, "Kwa hiyo mnafuta vumbi kwenye kabati la mtu." Tukacheka. Basi jana vumbi lenu limeniingia jichoni.

Unajua mimi ndiye fundi wa mitambo hapa hospitali. Wodi ya watoto njiti ina mashine za joto, za zamani lakini nzima, nimezilea mwenyewe. Ubavuni kila moja ina kibandiko cha kampuni iliyoitengeneza. Mashine ikilia, muuguzi anaelekeza simu kwenye kibandiko, ukurasa unafunguka, anasoma la kufanya. Jana asubuhi moja ikalia, kwenye kioo namba saba. Zamuni alikuwa peke yake yule tunayemwita Bi Taratibu, mwanamke asiyeweza kufungua hata dirisha bila kusoma maelekezo. Akaelekeza simu. Ukurasa ukamwambia: namba saba, chujio la hewa limechafuka, bonyeza kitufe cha kunyamazisha, endelea na kazi, mjulishe fundi. Akanyamazisha, akanipigia. Nikaja na chujio jipya mkononi kama mjinga.

Kwenye mashine zetu namba saba si chujio! Ni kipima joto kimebanduka kwenye ngozi ya mtoto. Mashine ikikosa kujua joto la mtoto inazima moto wake yenyewe isije ikamuunguza, halafu inapiga kelele ili mtu aje. Na mtu alikuja, akainyamazisha, kwa sababu ninyi mlimwambia ainyamazishe. Nilipoingiza mkono, mtoto alikuwa wa baridi. Nilipiga ukelele hadi wa wodi ya pili wakaja mbio.

Yu hai. Wamemkimbiza hospitali kubwa, na leo wanasema joto limerudi. Nimeufungua ukurasa ule kwa simu yangu, na kule juu kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, umeandikwa ni wa toleo jipya la mashine. Nani kaweka maelezo ya toleo jipya kwenye anwani ya mashine za zamani?

Shangazi yako,
Fundi


5 Machi, asubuhi

Profesa,

Hujajibu, na gari linaningoja. Natumwa kituo cha afya cha huko pembezoni kufufua jenereta, na huko mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo usishangae nikinyamaza.

Habari mbaya: Bi Taratibu amesimamishwa kazi. Wamesema alizima kelele za mashine ili apumzike. Yeye! Mtu anayenawa mikono mpaka sabuni inaomba radhi. Kamati ya nidhamu itakaa tarehe 12, na kikithibitika walichokisema, leseni yake inakwenda. Kazi hiyo ndiyo maisha yake, hana nyingine na hajawahi kutaka nyingine.

Nilimkuta kwenye ngazi, mkoba kifuani, hata kulia hawezi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata chembe. Kamati ina macho. Siku ikikaa, awaambie waufungue ukurasa wenyewe, pale pale, wasome kwa sauti. Akatabasamu kidogo.

Wewe nitafutie tu aliyefanya uchafu huu. Nitamshika sikio nikirudi.

Fundi


5 Machi, jioni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Moja tu.

Nilisoma barua yako ya jana kwenye foleni ya chakula cha mchana na hamu ikaniisha; ya leo asubuhi bado sijaifungua, nilitaka kwanza nimalize hili. Nikaacha sahani palepale nikakimbilia mezani.

Nakueleza ilivyotokea. Kampuni yenye mashine ilipotukabidhi kurasa zake, za zamani zilikuwa zimechoka. Na katika kazi yetu hakuna aibu kama msomaji kufuata anwani akakuta maneno "ukurasa haupatikani". Wenzetu wa kampuni nyingine wanatuchekea kwa hilo. Kwa hiyo tuliondoa kurasa za zamani, tukaelekeza anwani zake zote kwenye kurasa mpya zinazofanana nazo kichwa. "Hitilafu namba saba" ya zamani ikaenda kwenye "Hitilafu namba saba" mpya. Tulijipigia makofi kwamba hakuna mlango hata mmoja uliofungwa. Hakuna aliyewaza kwamba huko kiwandani walishazigeuza namba maana zake.

Aliyeandika kanuni ile ya kuelekeza ni mimi, Shangazi. Uliuliza nani; ndiye huyu.

Lakini tulia, nimemaliza. Bosi hajarudi hata kutoka mkutanoni, nimeshaurudisha ukurasa wa zamani mahali pake, neno kwa neno: kipima joto kimebanduka, usinyamazishe, kirudishe kwenye ngozi, mpime mtoto kwa mkono. Nimerekebisha na namba nyingine zote za mashine hizo. Sasa ukifungua utadhani kosa halikuwahi kuwepo. Hata mwenye kampuni hatajua.

Niambie mtoto anaendeleaje. Nitalala nikisikia.

Mwanao,
Profesa


12 Machi

Profesa,

Barua yako nimeisoma leo. Jenereta lile lilikuwa na kiburi, nimerudi jana usiku, na asubuhi nikaenda moja kwa moja kwenye kamati, mikono bado ina grisi. Ningeisoma mapema ningekuja na maneno mengine. Sikuisoma.

Basi sikiliza. Bi Taratibu alisimama, akajieleza vizuri, pole pole, kama anavyofanya kila kitu. Mwishoni akasema, "Naomba mwenyekiti aufungue ukurasa wenyewe." Mimi nyuma pale natingisha kichwa kama mshindi. Mwenyekiti akatoa simu, akafungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Kipima joto kimebanduka. Usinyamazishe."

Bi Taratibu akaomba aone. Akasoma, akarudia kusoma, akasema, "Sivyo nilivyosoma." Mjumbe mmoja akacheka puani. Nikasimama nikasema mimi niliitwa kwa ajili ya chujio, mimi mwenyewe niliuona ukurasa ule. Wakaniambia fundi akae, hakuwa zamuni, na kila mtu anajua anakunywa chai na mtuhumiwa. Mwenyekiti akamwambia, "Kukosea tungekusamehe. Uongo hatusamehe."

Mwanangu, umenirekebishia ukurasa ukaniharibia mtu.

Najua hukukusudia. Lakini mimi ndiye niliyemwambia aseme waufungue. Alinigeukia pale, akaniangalia, wala hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Kamati itatoa uamuzi tarehe 28. Nataka barua kutoka kampuni yenu, yenye mhuri, inayosema ukurasa ule ulikuwa na kosa na ulibadilishwa baada ya tarehe 3. Mistari miwili inatosha.

Mtoto amerudi kwa mama yake, ananyonya. Lala kwa hilo, lakini kwa hilo tu.

Shangazi


15 Machi

Ndugu Mteja,

Tunakushukuru kwa kuwasiliana nasi kuhusu maelezo ya mashine ya joto.

Tunapenda kukuhakikishia kuwa ukurasa husika ni sahihi na unakidhi viwango vya ubora. Kurasa zetu huboreshwa mara kwa mara kwa manufaa ya watumiaji. Kwa mujibu wa makubaliano yetu na mmiliki wa bidhaa, hatutoi taarifa kuhusu matoleo yaliyopita ya ukurasa wowote.

Tunathamini maoni yako.

Mtunza Kurasa


16 Machi

Ndugu Mtunza Kurasa,

Ebo! "Ndugu Mteja" ndiye nani? Ndiye aliyekufunga nepi? Ndiye aliyekufundisha kushika bisibisi ukaipoteza?

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikitafuta mahali ulipojificha humo ndani. Sikukuona. Maneno yote yananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Huboreshwa mara kwa mara." Kumbe kumfanya mtu mwongo mbele ya wakubwa wake ni maboresho!

Mimi nilikuomba mistari miwili ya kweli, wewe umenipa aya tatu za hewa. Kama umeogopa, sema umeogopa, mimi ni shangazi yako, nitakuelewa. Lakini usinivalie tai kwenye barua.

Na kwa taarifa yako, Mteja hajakata tamaa. Nimebandua vibandiko vyote kwenye mashine zangu, na tarehe 28 nitakuwepo kwenye kamati hata wakinitoa na kiti.

Mteja


17 Machi

Shangazi,

Naandika kwa anwani yangu mwenyewe, kutoka chumbani kwangu. Ile barua ya juzi mkono ulikuwa wangu, lakini bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti akinitajia neno kwa neno. Ombi lako la barua ya mhuri lilipitia kwake, kwa sababu nililipeleka mwenyewe nikiomba ruhusa. Nilidhani atasema ndiyo. Nisamehe, nilikuwa mtoto kudhani hivyo.

Alinifungia mlango akanieleza. Kurasa si zetu, ni za mwenye mashine, sisi tumekabidhiwa tu kuzitunza. Tukikiri kosa moja, mwenye mashine ananyang'anya kazi yote na kumpa mwingine, na sisi wote unga unamwagika. Nikamwambia kuna muuguzi anafukuzwa. Akasema anasikitika, na nadhani anasikitika kweli. Halafu akasema, "Ukurasa hauna jana. Msomaji anahitaji wa leo, na wa leo uko sawa."

Na kibaya zaidi, hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyoamini. Tunasahihisha kimyakimya. Tunajivunia kwamba msomaji haoni mshono. Sijawahi kuona ukurasa wetu hata mmoja unaosema, "Jana nilikudanganya."

Ninaweza kukutumia picha ya ukurasa ulivyokuwa. Lakini kamati itasema picha kila mtu anatengeneza, na hii imetoka kwa mtoto wa kaka yake fundi. Watamcheka Bi Taratibu mara ya pili. Haifai kusemwa na mimi wala na wewe, ni lazima isemwe na ukurasa wenyewe, palepale waliposoma.

Umeniuliza kama naogopa. Naogopa, Shangazi. Kazi hii niliitafuta mpaka viatu vikaisha, na mama ameshawaambia jirani wote.

Profesa


20 Machi

Mwanangu,

Nimekusikia. Na nisamehe kwa lile la nepi. La bisibisi silifuti, ilikuwa bisibisi nzuri.

Jana nilikwenda kwa Bi Taratibu. Nilimkuta anapiga pasi sare yake. Nikamuuliza unaipigia nini pasi na hukuitwa kazini? Akasema kila asubuhi anaipiga, anaitundika, anaitazama. Halafu akaniuliza jambo lililonikata maini. Akasema, "Fundi, niambie ukweli. Wewe kweli uliuona ukurasa ule, au unanionea huruma tu? Maana nimeanza kujitilia shaka. Labda nilisoma vibaya. Labda nilichoka." Mwanamke yule! Wamemtoa kazini, sasa wanamtoa na akilini.

Nikamwapia kwamba niliuona. Akaitikia, lakini hakuniamini sawasawa. Nami si wa kuaminiwa, ni mimi niliyemwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa sikiliza nikwambie, na ninakwambia bila ukali. Sitakulazimisha. Kazi ni yako, na mimi sitakuwepo mwisho wa mwezi kukulipia chumba. Ukinyamaza utabaki mtoto wa kaka yangu na utakula kwangu kama kawaida. Lakini watu wanaojua ukurasa ule ulivyosema tuko watatu tu tunaojali. Mmoja wameshamwita mwongo, wa pili wamemwambia akae, na aliyebaki ni wewe.

Naomba. Unajua si kawaida yangu kuomba.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi,

Nimepiga moyo konde.

Kesho kamati ikikaa, saa nne asubuhi, mwambie mwenyekiti aufungue ukurasa ule tena kwa simu yake mwenyewe. Si kabla ya saa nne. Na msichelewe, maana sijui utakaa hewani muda gani kabla hawajauona huku.

Funguo za kubadilisha ukurasa ninazo bila kuomba ruhusa ya mtu. Walinipa mwezi uliopita, wakasema nimeonyesha uaminifu.

Usimwambie mama bado.

Profesa


28 Machi, saa nne asubuhi

TAARIFA KWA MSOMAJI WA UKURASA HUU

Kuanzia Januari mwaka huu hadi tarehe 5 Machi, anwani hii ilifungua maelezo ya mashine mpya badala ya mashine unayoitumia. Kwa hitilafu namba saba ilikuambia unyamazishe kelele na uendelee na kazi. Maelezo hayo hayakuwa ya mashine yako, na yalikuwa ya hatari kwa mtoto.

Tarehe 5 Machi maelezo yalisahihishwa bila kukuambia. Hilo nalo lilikuwa kosa.

Kama katika kipindi hicho ulifuata ukurasa huu, ulifanya ulichoelekezwa. Kosa halikuwa lako. Lilikuwa la anayetunza ukurasa, na anayetunza ukurasa ni mimi.

Aliyepatwa na jambo lolote aniandikie moja kwa moja kwa anwani iliyo hapa chini.

Mtunza Kurasa


28 Machi, jioni

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Naandika haraka kwa kompyuta ya karakana, makosa utayasamehe.

Waliingia wameshaamua, ilionekana usoni. Mwenyekiti akaanza kusoma uamuzi. Nikasimama. "Fundi, kaa." Sikukaa. Nikasema, "Mheshimiwa, ufungue ukurasa." Akasema alishaufungua. Nikasema, "Ulifungua wa tarehe 12, fungua wa leo, nikikosea nifukuzeni na mimi." Akaangalia saa, akapumua kama mtu anayemvumilia kichaa, akafungua. Akaanza kusoma kwa sauti yake ile ya kutangaza vifo. Alipofika "bila kukuambia" sauti ikashuka. Alipofika "kosa halikuwa lako" akampa simu mjumbe yule wa kucheka puani, amalizie yeye. Naye akamalizia, kwa sauti ndogo!

Bi Taratibu aliomba aione. Nilidhani ataangua kilio. Akasoma yote, kidole chini ya kila mstari, kama anavyosoma maelekezo ya dawa, kisha akasema, "Basi sijachanganyikiwa." Hapo ndipo nilipolia mimi. Nimelia hadharani, mbele ya watu wa utawala, na sina haya.

Mganga mkuu wa hospitali aliitwa. Wakati anaufungua kwa simu yake, taarifa ilikuwa imeshaondolewa, ukurasa safi kama haukuwahi kusema kitu. Lakini wajumbe wote walikuwa wameuona, na katibu alishaunakili kwenye mwenendo wa kikao. Uamuzi wameuchana. Anarudi kazini Jumatatu.

Sasa wewe. Niambie wamekufanya nini.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Wamenifukuza. Haikuchukua muda, walikuja na boksi. Bosi alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nina kichwa kizuri lakini sina busara. Nikamwambia nimeirithi upande wa baba.

Mama nimemwambia. Aliuliza mtoto yule anaitwa nani, nikasema sijui, akasema nikuulize.

Niko sawa. Nasema kweli, si kukutuliza. Mwambie Bi Taratibu anisamehe. Na mwambie aendelee kusoma kila maelekezo mpaka aridhike, kabla hajanywa hata maji. Lakini huyo hahitaji kuambiwa hilo.

Profesa


14 Aprili

Kwa Mtunza Kurasa,

Hunijui. Mimi ni muuguzi, au nilikuwa. Mwenzangu wa zamani aliyekuwa zamuni tarehe 28 mwezi uliopita alinipigia simu akilia, akasema mashine imelia, ameelekeza simu kwenye kibandiko, na ukurasa umeandika maneno ambayo ni lazima niyasikie. Akanisomea. Anwani yako akaichukua pale.

Kwetu ilikuwa mwezi wa pili. Namba saba. Nilinyamazisha kelele kama ilivyoandikwa, nikaenda kwa watoto wengine, niliporudi nilikuwa nimechelewa. Mtoto wetu hakupona.

Hawakunifukuza, niliondoka mwenyewe. Sikumwambia mtu kuhusu ukurasa, kwa sababu baadaye niliufungua tena na haukusema nilichokumbuka. Niliamini nimejitungia ili nijitetee. Nimeamini hivyo mpaka simu ile.

Nimeutafuta ukurasa wako nione kwa macho yangu, haupo. Mama yangu anaishi na mimi. Tangu siku ile hajaniuliza kilichotokea, ananiwekea tu chakula mezani na kunitazama. Ningependa kumwonyesha. Kwa mdomo wangu siwezi, nitaonekana nasingizia. Je, upo mahali popote?

Nisamehe kwa usumbufu.

Muuguzi


16 Aprili

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Sina neno la kukupa kwa mtoto yule, na sitajifanya ninalo. Kanuni iliyokufikisha kwenye maelezo yale niliiandika mimi. Nilitaka msomaji asikute mlango umefungwa, na wewe nikakufungulia mlango wa kukupoteza. Ulisoma sawasawa, na ulikumbuka sawasawa.

Umeuliza kama ukurasa upo mahali popote. Mpaka juzi haukuwepo. Sasa upo. Sina tena funguo za kule, kwa hiyo nimefungua mahali pangu mwenyewe. Nimeweka kurasa zote za mashine za zamani, kila moja na kichwa kinachosema kwa herufi kubwa ni ya mashine ipi. Ukurasa wa namba saba nimeuweka mara mbili: ulivyo leo, na ulivyokuwa mwezi wa pili, neno kwa neno kama ulivyousoma wewe. Juu yake kuna ile taarifa. Tarehe zote zipo. Shangazi yangu ni fundi wa hospitali, na ameshachapisha vibandiko vipya vyenye anwani hii. Anavituma kila mahali anapojua kuna mashine hizo, na kwenu vimeshaondoka.

Jana kampuni yenye mashine imeniandikia niuondoe, la sivyo watanifikisha mbali. Nimewajibu kwamba nitauondoa siku watakayouweka kwao, na kabla ya hapo wasijisumbue. Shangazi ameomba wakiniita na yeye aitwe, na waliowahi kumwambia akae wanajua maana yake.

Anwani iko chini ya barua hii. Imefunguka kwa simu yangu sasa hivi, nimejaribu mara kadhaa. Fungua uwe umekaa.

Halafu mpe mama simu, asome mwenyewe.

Mtunza Kurasa